Sungura wa kwenye kikokotoo

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu. Jike mmoja, watoto 8 kila mwezi, mwaka ukiisha una 96, na majike wake nao wanazaa, hivyo kabla ya mwaka wa pili kwisha umeshaezeka ghorofa. Chini kabisa kuna namba ya simu ya kununulia "mbegu bora", yaani sungura wa kuzalishia. Hesabu safi. Inafanya kazi vizuri sana kwenye kikokotoo, maana huko hakuna umande wala siafu.

Tuanze na huo mwezi. Mimba ya sungura ni siku 31 hivi. Ili azae kila mwezi, inabidi apandwe siku ileile aliyojifungua, huku watoto 8 wananing'inia kwenye chuchu. Hata mashamba makubwa ya Ulaya, yanayolisha pelleti tupu (chakula cha kiwandani cha vidonge), humpa jike kama siku 11 kwanza. Wewe unayelisha ukoka na majani ya viazi vitamu utaachisha watoto wiki ya 5 au ya 6, ndipo umpeleke kwa dume. Umpeleke yeye, usimlete dume kwake, atamtimua. Hiyo ni mizao mitano kwa mwaka, na ukiachisha watoto watano kila mzao umefanya kazi ya kusifiwa. Ni 25, si 96.

Wale watatu wanaopungua kila mzao, wengi wao wanafia kwenye kiota, na hapo ndipo wauza mbegu hukaa kimya kama maji ya mtungi.

Mtoto wa sungura huzaliwa uchi, macho yamefumba, hana joto la kwake. Anahitaji sanduku la sentimita 45 kwa 30, kimo 30, lenye nyasi kavu. Liingize bandani siku ya 28 ya mimba: ukiliwahisha jike atalifanya choo, ukichelewa anazalia juu ya waya. Mlangoni weka kizingiti cha sentimita 15. Watu wanakiona urembo, kumbe ndicho kila kitu. Mama hunyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika tatu au nne, na anaporuka kutoka kuna mtoto ambaye bado kang'ang'ania chuchu. Bila kizingiti anaburutwa mpaka nje, na mama hajui kumbeba kwa mdomo kama paka. Alfajiri unamkuta kakauka. Na kwa sababu mama hakai na watoto, jirani atakwambia amewasusa. Hajawasusa. Tazama matumbo: yakiwa yamejaa duara, waache. Yakikunjamana kama ngozi ya mzee, ndipo uhangaike. Mwenye akili hupandisha majike mawili siku moja, ili mmoja akikosa maziwa watoto wahamishiwe kwa mwenzake ndani ya siku tatu za mwanzo.

Halafu kuna hili la "sungura hanywi maji, anatosheka na majani". Nani aliwaambia? Jike anayenyonyesha anamaliza lita nzima kwa siku, na joto likiwa kali anazidisha. Mnyimeni, maziwa yanakauka. Anayezaa akiwa na kiu anaweza kula watoto wake, kisha mnamwita mchawi, mnamchinja, mnanunua "mbegu" nyingine, nayo mnainyima maji vilevile. Chungu kizito cha udongo asichoweza kukipindua, maji mapya asubuhi na jioni. Jamani, ni maji tu!

Siafu: kila mguu wa banda usimame ndani ya kopo lenye oili chafu.

Watakaopona watakutana na koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya tumboni, kati ya wiki ya 4 na ya 12. Tumbo linavimba, wanahara, mgongo unakuwa kama msumeno. Chanzo ni kinyesi kilicholowa, na wapo wanaotandika mbao nzima chini "wasipate baridi", mkojo unatuama, watoto wanalala humo humo. Tumia waya wa nusu inchi kwa inchi moja, kinyesi kidondoke. Nyasi zikatwe umande ukishakauka, zinyaushwe kivulini. Dawa za salfa au amproliamu zipo duka la mifugo, lakini sakafu ikibaki mbichi unamwaga hela.

Na huyo wa porini mnayemtega kwa nyaya mkidhani mtamchanganya na wa bandani kuboresha damu: ni mnyama mwingine kabisa, mtoto wake huzaliwa na manyoya na macho wazi. Hawazai pamoja.

Haya, nakubali, shingo upande. Hakuna mfugo mwingine unaogeuza majani ya bure kuwa nyama upesi hivi kwenye kona ya uani. Miezi minne au mitano kwa majani, kilo 2 na ushee akiwa hai, nyama kama nusu yake. Majike matatu na dume moja ni sungura kama 75 kwa mwaka, mmoja kila wiki na akiba ya wageni. Hiyo ni mboga ya nyumba. Ukitaka kulisha pelleti, kila kilo ya uzito anaoongeza inakula kilo tatu na nusu hadi nne, kapige hesabu dukani kwako.

Maana soko la mbegu ni hivi: anayeuza anamuuzia anayetaka kuuza. Wa mwisho akikosa wa kumuuzia, ndipo inajulikana kuwa mtaa mzima ulikuwa unafuga na hakuna aliyekuwa anakula. Wasabato hawali, Shia Ithnaashari hawali, na wengine wakiiona imechunwa wanasema paka. Anayeuza nyama aache unyayo mmoja na manyoya yake.

Anyimwe chakula tangu jioni ya kuamkia siku ya kuchinja, maji aachiwe. Ngozi ikatwe kwenye vifundo vya nyuma, ivutwe chini kama soksi, mkono uliolowa ili manyoya yasishike nyama. Nyongo isipasuke. Ini likiwa na madoa meupe, tupa. Nyama haina mafuta, ukiikaanga mbichi utatafuna kamba. Ilowe kwenye ndimu, tangawizi na saumu kwa muda wa saa mbili. Moto mdogo, saa nzima, ndipo itiwe tui.

Mpigie huyo mwenye namba ya simu, muulize wake huwa anampikaje.