Mzee Alikuja Kusoma, Mkamuuliza Mustakabali

Vilikuwa vipande saba vya karatasi. Nilivihesabu kwa sababu nilikaa mstari wa mbele, na kwa sababu katika dakika kumi za mwanzo hapakuwa na la kufanya isipokuwa kusikiliza wasifu wa mshairi ukisomwa mbele ya mshairi mwenyewe, kuanzia shule ya msingi aliyosoma hadi vyeti vya ushiriki alivyowahi kupewa. Vipande hivyo vilikatwa kutoka kalenda ya ukutani na kuchomekwa kati ya kurasa za diwani yake, kila kimoja mahali pa shairi alilokusudia kutusomea. Mzee alikuwa amekipakata kitabu kwa mikono miwili, miwani ameshaivaa. Kikao kilipokwisha, vipande vyote saba vilikuwa palepale alipovichomeka.

Hayo yalitokea mwezi uliopita katika tamasha la vitabu la mji mmoja wa mwambao, ambao sitautaja kwa kuwa waandaaji wake ni watu tunaosalimiana, na kwa kuwa kosa lenyewe nimeliona kwingine kabla ya hapo. Ratiba ilimpa mzee dakika 45. Mgeni rasmi alichelewa kwa saa moja na nusu, na alipofika alizungumza kwa kirefu juu ya nidhamu ya muda katika kujenga utamaduni wa kusoma. Itifaki ilizingatiwa, kisha ikazingatiwa tena na kila aliyemfuata kwenye kipaza sauti, hadi mshereheshaji akatangaza kwamba muda si rafiki. Muda ulikuwa rafiki wa kila mtu hadi ilipofika zamu ya ushairi. Dakika za mzee zikawa ishirini, kumi zikaliwa na wasifu, na katika hizo kumi zilizosalia aliulizwa maswali matatu: Kiswahili kina mustakabali gani katika dunia ya utandawazi, Sheng inakiua au inakikuza, na je, akili mnemba itawanyang'anya washairi kazi? Mzee ni mtu wa adabu, akayajibu yote. Kuhusu akili mnemba alisema kwamba wao wawili bado hawajajuana. Watu wakacheka, wakapiga makofi, ikapigwa picha ya pamoja.

Saa ileile, katika ukumbi wa jirani, mwandishi wa riwaya anayeandika kwa Kiingereza alikuwa akisoma sura nzima ya kitabu chake. Niliwahi dakika zake za mwisho. Alisoma vizuri, bila haraka, na watu walinyamaza hata feni ikasikika. Baada ya kusoma aliulizwa kwa nini mama katika hadithi yake hana jina, na kwa nini mlango wa nyumba hiyo unatajwa mara nyingi kuliko watu wanaoupita. Sina ugomvi naye, na ningependa kila mwandishi atendewe hivyo. Ninachotaka kujua ni kwa nini, katika tamasha moja na chini ya paa moja, mwandishi wa Kiingereza anaulizwa kuhusu kitabu chake na mwandishi wa Kiswahili anaulizwa kuhusu lugha yake.

Wa Kiingereza anapokewa kama mtunzi, mtu aliyechagua neno hili akaliacha lile na ambaye tunataka kujua sababu. Wa Kiswahili anaitwa kama ndugu wa mgonjwa, asimame mlangoni atueleze hali ya mgonjwa inaendeleaje. Na mgonjwa mwenyewe yumo ukumbini, mzima kabisa, anaongea na jirani yake na kuulizia sambusa. Mtu aliyetumia miaka kuhakikisha kwamba mizani imetimia na kwamba kina cha kati hakikulazimishwa, anaondoka jukwaani bila mtu yeyote kujua anavyotunga, na badala yake tumepata maoni yake juu ya sera ya lugha, ambayo angeweza kuyatoa bila ya kuwa ametunga hata ubeti mmoja. Tangu UNESCO ilipoitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2021, hali imezidi: kila jukwaa linataka hotuba kuhusu Kiswahili, na kila mtunzi wa Kiswahili amegeuzwa balozi. Katika tamasha hilohilo, jopo la kukitetea Kiswahili liliendeshwa kwa Kiingereza ili wageni wetu wasiachwe nyuma.

Linaloniuma zaidi ni kwamba sisi, kuliko watu wengi, hatukupaswa kufundishwa thamani ya kumsikiliza mtunzi. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840, na diwani yake haikuchapwa mpaka mwaka 1940. Kwa miongo mingi baada ya kifo chake, mashairi yale yalikuwa katika vinywa vya watu. Maalim Sikujua bin Abdalla alipoyakusanya, akishirikiana na mmisionari Taylor, aliwategemea wazee waliokuwa bado wanayakumbuka, na waliyakumbuka kwa sababu waliyasikia yakisemwa. Mombasa na Lamu zilipokuwa katika uhasama mwanzoni mwa karne ya 19, watunzi wa pande mbili walijibizana kwa mashairi, na huwezi kumjibu mtu ambaye hukumsikia. Mwana Kupona, katika utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858, anaanza kwa kumwita asogee, aketi, awe na wino na karatasi, kwa kuwa moyoni ana jambo analopenda kumwambia. Anamwita kwanza asogee. Fasihi yetu imeanza kwa mtu kuambiwa asogee asikie, na leo tumeifikisha mahali ambapo mtunzi yupo, kitabu kipo, kipaza sauti kimewashwa, wasikilizaji wamelipa nauli na kuketi, na bado hakuna kinachosikika isipokuwa wasifu.

Hata mabishano ya mashairi ya mapokeo na mashairi huru, yaliyoanza miaka ya 1970 na ambayo kila tamasha huyafufua, nimeyasikiliza katika majopo matatu tofauti bila ya kusomwa ubeti mmoja wa upande wowote. Ni sawa na watu kubishana juu ya chumvi na mchuzi umefunikwa. Someni shairi la huku, someni la kule, kisha mtuulize masikio yetu yamesemaje.

Nimeambiwa, nilipolalamika, kwamba waandishi wengine hawajui kusoma mbele za watu. Hilo nalikubali kwa shingo upande, maana nimewahi kumsikia mwandishi ninayempenda akiisoma hadithi yake kama karani anayesoma hati ya mauziano ya kiwanja, macho hayainuki, sauti haipandi wala haishuki, na kifo cha mhusika mkuu kikapita bila mtu kutambua. Lakini dawa ya hilo tunayo siku zote. Si kila mtunzi wa tenzi alikuwa na sauti, na wenye sauti walighani tungo za wengine bila mtu yeyote kuona aibu. Tafuteni mghani, au mwigizaji, au mwanafunzi wa sekondari aliyefundishwa vizuri, akae kando ya mtunzi na kumsomea. Mpigieni mwandishi simu wiki moja kabla, mwambieni asome kwa sauti nyumbani na saa mkononi. Hayo hayahitaji mfadhili.

Nimeambiwa pia kwamba wafadhili wanapenda mada nzito zenye majina marefu, na kwamba bila jopo hakuna bajeti. Sawa. Wekeni jopo, lipeni jina refu mnavyotaka, kisha lifungueni kwa robo saa ya kusoma.

Fikirini jinsi robo saa hiyo ingeweza kutumika. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, na tukashangilia hata sisi ambao hatukuwa tumesoma kitabu chake kimoja. Riwaya yake iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Karibu miaka thelathini ilipita kabla ya hadithi inayotembea katika mwambao wetu na bara yetu kusomeka katika lugha ambayo watu wake wangeizungumza. Tangu hapo nimehudhuria mazungumzo kadhaa juu ya maana ya tuzo ile kwetu, na sijawahi kuhudhuria hata moja ambamo mtu alifungua Peponi akatusomea kurasa tano, ili tusikie wenyewe kama maneno yamerudi nyumbani au bado yanabisha hodi. Kununua kitabu naweza dukani, na kukisoma naweza kitandani. Kilichonitoa nyumbani ni kusikia.

Kuna jambo jingine ambalo siwezi kulisema kwa mzaha. Septemba 2013, mshairi wa Ghana Kofi Awoonor alikuja Nairobi kwa ajili ya tamasha la Storymoja Hay. Jumamosi ya tarehe 21 alitarajiwa kusoma mashairi yake jioni. Mchana wa siku hiyo aliuawa katika shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, akiwa na umri wa miaka 78. Vitabu vyake vipo, wasifu wake upo, na mjadala wowote ambao angeshiriki ungeweza kuendelezwa na wengine. Kilichopotea jioni ile, katika mambo yote ambayo tamasha huandaa, ni sauti yake mwenyewe juu ya maneno yake mwenyewe, mbele ya watu waliokuja kuisikia. Mzee wetu wa vipande saba naye si kijana. Alikuwa hai, alikuwa tayari, alikuwa hatua mbili kutoka nilipokaa, na tukamuuliza kuhusu utandawazi.

Sitasema mengi juu ya meza ya vitabu, ambako diwani yake haikuwepo hadi mwenyewe alipotoa nakala tano kutoka mkoba wake. Wala sitasema mengi juu ya wale ndugu zetu wanaoshika kipaza sauti na kusema kwamba wana maoni mawili na swali moja, kisha swali lisije.

Baada ya picha ya pamoja nilinunua nakala, na wakati akinisainia nilimuuliza: Maalim, ungetusomea lipi? Hakujibu mara moja. Alichukua nakala yake, akapitisha kidole juu ya vile vipande, akafungua ukurasa wa 41 na kuanza kwa sauti ya chini, kwa mahadhi, shairi juu ya jahazi linalotiwa kalafati na fundi ambaye halitamsafirisha. Alifika ubeti wa tatu. Kijana mmoja mwenye beji akaja, kwa heshima zote, akatuomba tupishe kwa sababu viti vinapangwa kwa ajili ya chakula cha mgeni rasmi.

Juzi waandaaji wametutumia fomu ya tathmini. Ina maswali kumi na mawili, mojawapo likiwa: "Umejifunza nini kuhusu mustakabali wa Kiswahili?" Nimejaza kwamba ubeti wa nne wa shairi la ukurasa wa 41 nimeusoma mwenyewe nyumbani, kwa sauti, mara mbili, na kwamba sina hakika kama nimeupatia mahadhi yake. Penye nafasi ya mapendekezo nimeandika jina la mzee na kuomba apewe dakika 45, zote za kusoma. Swali la ubora wa chakula nimeliacha wazi.