Pole Haiungi Mfupa

Kidato cha tatu kutoka chini ndicho kilichomwangusha shangazi yangu. Kesho yake nilirudi na futi ya fundi nikakipima. Vidato vingine vilikuwa na kimo cha sentimita 19 au 20. Hicho kimoja, 24. Taa ya ngazini ilikuwa imeungua, na ukutani hapakuwa na hata kamba ya kushikilia.

Ilikuwa Lamu, katika moja ya zile nyumba za mawe za kale zilizogeuzwa hoteli. Sitaitaja. Shangazi alivunjika kifundo cha mkono. Meneja, kijana mpole kweli, alileta barafu, akatusindikiza hospitalini na kutupa pole nisizoweza kuzihesabu. Wakati wa kuondoka tukaletewa bili kamili, pamoja na usiku ambao shangazi aliulala wodini.

"Ni kadari, mwanangu," shangazi akaniambia. "Achana nao."

Kwa kadari sibishani na mtu. Lakini mhudumu mmoja alituambia ile balbu ina wiki mbili tangu iungue, na kununua balbu hakuhitaji wahyi.

Wengi wetu hatujui kwamba Kenya ina sheria ya jambo hili hili, Sura ya 34 ya Sheria za Kenya (Occupiers' Liability Act), iliyofuata nyayo za sheria ya Uingereza ya 1957. Inamtaka anayeshikilia jengo achukue uangalifu wa kadiri ili mgeni awe salama anapolitumia kwa shughuli iliyomleta. Si lazima hoteli iwe imekusudia ubaya. Swali ni kama walijua, au walipaswa kujua, na wakafanya nini. Balbu ya wiki mbili inajibu yenyewe. Bila shaka wakili wao angeuliza shangazi alivaa viatu gani na kama alikuwa akitazama simu, na mahakama ingeweza kumkata sehemu ya fidia kwa uzembe wake mwenyewe. Sawa, hiyo ni haki yao. (Alivaa makubadhi, na simu yake ni ya vibonye.)

Utetezi ninaousikia sana ni wa ukale: nyumba ni ya mababu, mji uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, usiguse kitu. Nazipenda nyumba zile. Najua kwamba kutoka kiwandani, yaani uani, unapanda kidogo kuingia msana, ile baraza inayotazama ua, kisha tena kuingia ndani, na ndivyo zilivyokusudiwa. Lakini hakuna aliyewaambia wabomoe ukuta. Kamba nene kwenye pete za chuma, mstari mweupe kwenye ukingo wa kidato, taa inayowaka. Tena ngazi ya hatari inadai uangalifu zaidi. Mwenyeji wa nyumba anaijua kwa miguu yake. Mgeni aliyelala usiku mmoja anaijulia wapi?

Mguu huo nao una hesabu zake. Ukishuka vidato viwili vitatu, mwili umeshakariri kimo na macho yanaacha kutazama. Mwaka 2012 mtu mmoja alipiga filamu ngazi ya stesheni ya treni ya 36th Street, Brooklyn, jijini New York, ambako abiria walijikwaa mmoja baada ya mwingine kwenye kidato kile kile. Kilizidi vingine kwa kama nusu inchi tu. Filamu ilipoenea, ngazi ikafungwa na kutengenezwa. Cha shangazi kilizidi kwa karibu inchi mbili.

Kisha kuna vibao. "Uongozi hautawajibika kwa ajali yoyote." Hapa ndipo sheria yetu inaponikera, kwa sababu inamwachia mwenye jengo mwanya wa kupunguza wajibu wake kwa makubaliano au kwa njia nyingine. Waingereza waliuziba mwanya huo mwaka 1977: mfanyabiashara hawezi kwa kibao kukwepa jeraha au kifo kilichotokana na uzembe wake. Sisi tulirithi sheria ya mwanzo, marekebisho tukawaachia wenyewe. Bunge liuzibe. Kuhusu kibao cha kuonya tu, angalau Sura ya 34 haina utata: onyo peke yake halimwondolei mtu lawama, isipokuwa lilitosha kweli kumfanya mgeni awe salama.

Shangazi hakushtaki. Sheria inampa miaka mitatu tangu siku ya kuanguka, na hajataka kusikia habari hiyo. Picha, vipimo na risiti za hospitali nimeziweka kwenye bahasha.

Mwezi uliopita nilipita pale kumsalimia yule mhudumu. Wameweka kibao kipya ngazini: "Tahadhari, kidato." Nilikisoma kwa tochi ya simu.