Kilichofutwa London, kikabaki Jos

Ukikaa na Wakenya wenzangu wa huku Leeds, Uingereza, hukosi kusikia kwamba Mzungu hutunza kila kitu, sisi ndio mabingwa wa kupoteza. Nimeyasikia hayo arusini, nimeyasikia hata matangani. Siyakubali, na ushahidi wangu ni kipindi cha televisheni.

Doctor Who ilianza kuonyeshwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963, majuma machache kabla Kenya haijapata uhuru. Ni hadithi ya msafiri aitwaye Doctor, anayepita katika nyakati na sayari kwa chombo ambacho ukikitazama kwa nje ni kibanda cha polisi. Waingereza wanaipenda mno, watu wazima na watoto. Lakini nyingi ya sehemu za miaka ile ya mwanzo, za nyeusi na nyeupe, ziliharibiwa na BBC wenyewe. Mikanda ya video ilikuwa ghali na iliweza kurekodiwa upya, mikataba ya waigizaji ilibana marudio, na rangi ilipoingia, nani tena angenunua nyeusi na nyeupe? Ufutaji ulikoma mwaka 1978. Hadi leo zaidi ya sehemu 90 hazijaonekana.

Nyingi ya zilizookoka ni nakala za filamu zilizotengenezwa ili ziuzwe ng'ambo. Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba Philip Morris, mtu aliyezunguka nchi nyingi akizitafuta, amepata sehemu 9 zilizopotea katika stoo ya kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Stoo ya Afrika! Kila nikisikia wenzangu wakijidharau, huwatajia Jos.

Mzee mmoja ninayefanya naye kazi, mzaliwa wa hapa Leeds, alikuja kwangu na moja ya hadithi hizo, The Web of Fear ya mwaka 1968. Ina sehemu 6. Mayeti, madude makubwa yenye manyoya, yameteka mahandaki ya treni za chini ya London, na wanajeshi wachache wamebanwa humo gizani. Tulipofika sehemu ya 3 picha zikaacha kwenda. Hiyo haikupatikana; kwa maelezo ya Morris, ilikuwepo rafuni alipoziona kwanza, ikatoweka kabla hazijasafirishwa. Basi unatazama picha za mnato tu, uso wa askari umeganda mdomo wazi, huku sauti yake ikiendelea, viatu vikigonga chini handakini. Ndiyo sehemu ambayo Kanali Lethbridge-Stewart, aliyekuja kuwa kipenzi cha watazamaji kwa miaka mingi, anakutana na Doctor kwa mara ya kwanza. Mzee wa watu hakugusa chai yake mpaka sehemu hiyo ikaisha.

Nilimuuliza sauti ilitoka wapi kama mkanda ulifutwa. Akaniambia ni vijana wa enzi zile, walioweka maikrofoni mbele ya televisheni sebuleni kwao na kurekodi. Kwa hao, sauti ya kila sehemu iliyopotea ipo. Picha nazo zilipigwa kwenye kioo cha televisheni na John Cura, aliyekuwa akiwauzia waigizaji na watayarishaji. Vijana wale hawakutumwa na ofisi yoyote.

Hapo ndipo nilipoikumbuka nyumbani. Kijijini kwetu, nje kidogo ya Nakuru, televisheni ilikuwa moja, Great Wall iliyotumia betri ya gari, na betri ilipelekwa mjini kwa baiskeli kuchajiwa. Siku ya Vitimbi, kipindi cha vichekesho, viatu vilijaa mlangoni kama msikitini. Kijana mmoja alikuwa nje akizungusha mlingoti wa antena: "Imeshika?" "Bado, rudisha kidogo!" Mzee Ojwang akitokea, akina mama walishacheka kabla hajafungua kinywa, na Mama Kayai akimjibu, hakuna aliyesikia tena. Huku kila mtu na skrini yake chumbani kwake, na jirani tunayetenganishwa na ukuta mmoja sijawahi kukanyaga kwake. Kwa kutazama, nyumbani kumezidi, wala sioni cha kubishania.

Lakini nyumba ile ile ilikuwa na redio kaseti yenye kitufe chekundu cha kurekodi. Tuliitumia kunasa nyimbo na salamu za kumpelekea mjomba. Wa mjini walikuwa na deki za video, wakirekodi harusi, na nyuma ya harusi kikabaki kipande cha taarifa ya habari au cha mchezo wa kuigiza. Vipindi kadhaa vya zamani vimewekwa YouTube na ninashukuru, ila kilichoko kwenye makabati ya watu hakina anayekijua zaidi ya wenyewe. Tukiamini kazi hiyo ni ya serikali, au ya Wazungu, kanda zitaishia kwenye jaa siku ya kuhama nyumba. Vumbi na unyevu havisubiri, na deki nzima zinaadimika.

Nikija Desemba nakuja na deki inayofanya kazi na waya wa kuiunganisha na kompyuta. Walioko Nakuru wenye kanda za zamani, hata zile zisizo na jina juu, waziweke kando. Nitanakili bure, na kanda yako utarudi nayo nyumbani.