Nyeri tunatunza makaburi yao, Affile wamemjengea Graziani

Nimelelewa Nyeri, na sisi watu wa huko twalijua lile kanisa la Waitaliano pale Mathari. Ndani wamelazwa wanajeshi wao karibu 700 waliofia Kenya wakati wa Vita Kuu ya Pili, pamoja na Duke wa Aosta, jenerali aliyesalimu amri Amba Alagi, Ethiopia, mwaka 1941 akafariki Nairobi Machi 1942. Sijawahi kusikia mtu wa kwetu akilalamika kwamba maiti za wageni zimekaa kwenye ardhi nzuri. Mtu amekufa mbali na mamake, mzike, umwache apumzike.

Siku hizi naishi Roma, natunza wazee. Sitaidharau nchi hii. Mgonjwa akifikishwa hospitalini usiku anatibiwa kwanza, habari za deposit hakuna, na mzee wa kawaida ana pensheni inayoingia kila mwezi. Natamani mama yangu angekuwa nayo. Lakini kwa jinsi ya kuwakumbuka wafu, hawa wenzetu tumewaacha nyuma mbali sana.

Milimani mashariki mwa Roma kuna mji mdogo uitwao Affile. Mwaka 2012 walizindua huko mnara wa heshima kwa Rodolfo Graziani, jenerali wa Italia enzi za ukoloni, tena kwa pesa za umma, ukaandikwa maneno mawili: Nchi na Heshima. Heshima ipi? Huyu ndiye aliyekuwa mkuu huko Cyrenaica, mashariki mwa Libya, wakati watu wapatao 100,000 walipotolewa kwenye makazi yao wakafungiwa kambini jangwani, wakafa kwa makumi ya maelfu. Omar al-Mukhtar, kiongozi wa Walibya waliowapinga Waitaliano, mzee wa zaidi ya miaka 70, alinyongwa Septemba 1931 mbele ya watu wake waliokusanywa watazame.

Kisha Graziani akapelekwa Ethiopia. Tarehe 19 Februari 1937 vijana wawili kutoka Eritrea walimrushia mabomu ya mkono Addis Ababa, akajeruhiwa. Kwa siku tatu wanajeshi na raia wa Kiitaliano waliwaua watu mitaani na kuchoma nyumba zikiwa na wenyewe ndani. Ethiopia husema waliokufa ni 30,000. Wako watafiti wanaotaja idadi ndogo kuliko hiyo, lakini bado ni maelfu kwa maelfu. Mwezi Mei akaamuru watawa wa Debre Libanos wauawe, wakapigwa risasi kwa mamia.

Vitani alishindwa vibaya na Waingereza huko Misri na Libya, akajiuzulu mapema 1941. Baadaye akawa waziri wa ulinzi wa serikali ya Mussolini iliyolindwa na Wajerumani, na kwa kosa hilo la kushirikiana nao alihukumiwa miaka 19 mwaka 1950. Alitoka baada ya miezi michache. Kwa damu ya Waafrika hakuwahi kusimamishwa kizimbani hata siku moja, ingawa Ethiopia ililiwasilisha jina lake ili ashtakiwe.

Bibi mmoja niliyemtunza, mtu mwema kabisa kwangu, aliniambia, "Sisi tuliwajengea barabara." Nikamjibu, "Ndiyo, mama, ile ya kushuka Mai Mahiu mliijenga, na kikanisa kando yake, mkiwa mateka." Akanyamaza, kisha akaniuliza mateka wa nani. Alikuwa na zaidi ya miaka 80 na shuleni hawakumfundisha.

Hapa Roma kuna mtaa mzima wenye barabara za Libia, Etiopia, Somalia na Eritrea. Watu hupita wakienda sokoni, na wengi niliowauliza hawajui majina hayo yalifikaje. Sitaki yafutwe. Nataka kibao kwenye kila kona kinachoeleza, na ule mnara wa Affile uondolewe jina lake. Wapo wabunge waliopendekeza 19 Februari iwe siku ya kuwakumbuka waliouawa na ukoloni wa Italia. Wakenya wenye uraia wa hapa, mnapiga kura: mwulizeni mgombea wenu msimamo wake kabla hajapata kura yenu.