Ripoti ya balistiki isiachiwe polisi peke yao

Mtu akiuawa kwa risasi hapa Nairobi, hasa baada ya maandamano, swali mtaani ni risasi imetoka kwa bunduki ya nani. Watu wanangoja balistiki, yaani uchunguzi wa risasi na bunduki, wakijua hiyo ndio itamaliza ubishi. Mimi nasema ushahidi huu tunauhitaji sana, lakini vile unavyoshughulikiwa sasa hautoshi.

Faida yake ni kubwa. Ndani ya mtutu wa bastola kuna mifereji imejipinda, risasi ikipita inachorwa mikwaruzo, ganda la risasi nalo linabaki na alama ya pini ya bunduki iliyoligonga. Mtaalamu anafyatua risasi ya majaribio na bunduki inayoshukiwa, halafu anaiweka pamoja na ile iliyopatikana kwa tukio kwa maikroskopu kuona kama alama zinalingana. Sasa juu bunduki ya polisi iko na namba na afisa huisaini akiichukua, hapo unaweza kutoka kwa risasi hadi kwa jina la mtu, na bila hiyo unabaki na shahidi mwenye anaogopa kusimama kortini dhidi ya afisa.

Lakini mwenye kuamua alama zinalingana ni jicho la mtu. Marekani mwaka 2016 jopo la wanasayansi wanaomshauri rais lilisema utafiti uliopangwa vizuri wa kupima wataalamu hawa hukosea mara ngapi ulikuwa mmoja tu, na 2023 mahakama ya juu ya Maryland ikakataa mtaalamu kutamka bila shaka yoyote kwamba risasi ilitoka bunduki fulani, aseme tu alama zinaendana ama haziendani. Halafu kuna shotgun, mtutu wake ni laini, zile chembe za risasi hazichorwi kitu.

Hata hivyo mimi shida kubwa siioni kwa maikroskopu. Maabara yetu ya kitaifa, ile ilifunguliwa 2022, iko ndani ya makao makuu ya DCI, idara ya upelelezi ya polisi, pale Kiambu Road, na IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, ikichunguza polisi inategemea hao hao polisi wapime bunduki za wenzao. Kuna wataalamu waaminifu pale, siwatuhumu, lakini mzazi aliyezika mtoto mtamwambiaje aamini? Na kabla ya maabara kuna mengi: ganda liliokotwa na nani, bunduki ilikaa kituoni kwa muda gani kabla ichukuliwe.

Wanaosema maabara nyingine ni gharama wana hoja, vifaa ni ghali kweli. Basi tuanze na kile hakihitaji jengo. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu ripoti ya balistiki itumike kortini bila mtaalamu kufika, ingawa korti inaweza kumuita. Kwa kesi ya polisi kuua raia aitwe kila mara, alete picha za hizo alama, na familia ikubaliwe kuleta mtaalamu wao aiangalie risasi yenyewe kabla irudishwe stoo.