Bado Nawasoma Wahakiki wa Filamu

Nikisema kwamba mimi husoma uhakiki wa filamu nikishaitazama, naulizwa: sasa wa nini, na filamu umeshaiona? Swali hilo linaonyesha jinsi tulivyombebesha mhakiki kazi ya bawabu, wa kutuambia tuingie au tupite. Kwa kazi hiyo ni kweli hatumhitaji tena. Trela ipo, marafiki wapo, na watazamaji mtandaoni wameshatoa nyota zao kabla wiki haijaisha.

Mimi namhitaji kwa jambo jingine. Mara nyingi filamu inaisha ikiwa imeniachia kitu moyoni nisichoweza kukitaja. Mhakiki mzuri ananirudisha palepale: kamera ilibaki usoni mwa mama baada ya mwanawe kuondoka, na muziki ukanyamaza mahali ambapo mwongozaji mwingine angetulazimisha kulia. Kumbe ndicho kilichonishika!

Kinachoniudhi ni asilimia. Rotten Tomatoes, tovuti iliyoanza 1998, huhesabu ni wahakiki wangapi katika kila mia walioisifu filamu. Haipimi waliisifu kwa kiasi gani. Kwa hiyo filamu ambayo kila mmoja ameiona ya kuridhisha tu inaweza kupata 100, na ile iliyowagawa watu, nusu wakaihusudu na nusu wakaichukia, ikaambulia 50. Mimi ningeanza na hiyo ya 50. Mtu amekaa, amefikiri, ameandika maneno elfu moja, halafu yote yanageuzwa kuwa picha ya nyanya, nzima au iliyopondeka. Kisha tunadai tumesikia wahakiki wanasemaje.

Tukumbuke 1967, filamu ya Bonnie and Clyde ilipotoka. Bosley Crowther, aliyekuwa mhakiki wa New York Times tangu 1940, aliishambulia vikali, tena zaidi ya mara moja. Mhakiki mwenzake Pauline Kael akaitetea kwa makala ndefu katika jarida la The New Yorker, na huko Chicago kijana Roger Ebert, aliyeanza kazi mwaka huohuo, akaisifu sana. Mapema 1968 nafasi ya Crowther ilikuwa na mtu mwingine. Wako wanaoitaja habari hii kuthibitisha kwamba wahakiki hawaaminiki. Mimi naisoma kinyume. Crowther aliweka sababu zake mezani kwa jina lake, ndiyo maana wenzake waliweza kumjibu. Nyota mbili za mtu asiyejulikana utazijibu vipi?

Wala sisemi kwamba uhakiki lazima utoke gazetini. Ebert huyohuyo, mhakiki wa kwanza wa filamu kupata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, mwaka 1975, alipopoteza sauti kwa ugonjwa aliandika mtandaoni kwa wingi hadi alipofariki 2013. Na leo wapo vijana wasio na mwajiri wanaochambua uhariri wa tukio moja kwa dakika ishirini, na najifunza kwao. Hofu yangu iko kwenye riziki. Asiyelipwa kwa kuandika hutegemea mwaliko wa studio, na anayetaka kualikwa tena huchunga ulimi.

Yuko mhakiki mmoja ambaye hatuelewani karibu kwa kila filamu. Namlipia kila mwezi. Nikimaliza kutazama, ni yeye ninayemfungua kwanza, nikiwa tayari nimeshaanza kubishana naye.