Mbwa wa Kondoo Hana Wazimu, Hana Kazi

Jumapili moja alasiri jirani yangu wa Goba, Dar es Salaam, alinipigia simu akiniomba nifike kwake haraka, kwa sababu mbwa wake, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa amerukwa na akili. Nilipoingia getini niliwakuta watoto wanane, wa kwake na wa majirani, wamesongamana kwenye pembe ya uwanja kati ya tangi la maji na ukuta, na mbele yao, umbali wa hatua kama kumi, mbwa mweusi mwenye kifua cheupe amelala kifudifudi, kidevu kinakaribia kugusa mchanga, macho hayapepesi. Kila mtoto mmoja alipojaribu kuchomoka, mbwa alizunguka kwa upinde mpana, akamrudisha kwa wenzake, kisha akalala tena. Hakubweka, hakuuma, wala hakumgusa mtu. Mama wa watoto alikuwa amekwisha kuamua kwamba mnyama huyo ana jini. Mimi nilicheka kwanza, kisha nikasikitika, maana nilikuwa natazama kazi ya kuswaga kondoo iliyofanywa kwa ufundi kabisa mahali ambapo hakuna aliyeiagiza.

Nimekulia Kongwa, mkoani Dodoma, nikichunga mbuzi na kondoo wa nyumbani, na baadaye, nikiwa mwanafunzi wa ufugaji, nilibahatika kukaa miezi tisa katika shamba la kondoo kwenye milima ya kaskazini mwa Wales. Nilikwenda huko nikiamini, kama tunavyoamini wengi, kwamba mbwa ni mlinzi na kwamba hulka zake ni mbili tu, ukali na upole.

Shambani pale walikuwapo mbwa watatu, wote Border Collie, yaani mbwa wa ukoo wa kuswaga kondoo, wenye majina mafupi kama ilivyo desturi ya huko, kwa sababu jina refu hupotea katika upepo. Nell, jike wa miaka tisa, alikuwa fundi asiyevumilia kelele. Akiitwa kwa sauti ya kawaida, au kwa filimbi, alikwea mlima mpaka akaonekana kama nukta, akazunguka nyuma ya kundi na kulishusha taratibu bila kondoo hata mmoja kutimua mbio. Lakini mtu akimfokea, aliacha kazi papo hapo, akatembea bila haraka hadi kwenye gari, akajilaza uvunguni, na hapakuwa na maneno ya kumtoa humo mpaka yeye mwenyewe aone kwamba hasira za bwana wake zimepoa. Mimi nilimsababishia mgomo huo mara mbili, na mara ya pili tulipoteza nusu ya asubuhi tukiwafukuza kondoo kwa miguu yetu, kazi ambayo siwezi kumtakia hata adui.

Cap alikuwa na kile ambacho wachungaji wa huko hukiita jicho, yaani uwezo wa kumkazia kondoo macho mpaka akubali kusogea bila kuguswa. Tatizo ni kwamba jicho la Cap lilizidi kipimo. Alimkazia kondoo, kondoo naye akamkazia, na wote wawili wakaganda pale wakitazamana kama watu wanaodaiana, hadi bwana wao amsukume mbwa kwa neno. Moss hakuwa na jicho la kusifiwa, bali alikuwa na kifua: kondoo walipogoma kupanda lori, yeye ndiye aliyeitwa kupenya katikati ya miguu yao na kuwasukuma, na ikibidi kumdonoa mmoja kisigino. Huyo alipenda kuzunguka kundi kwa upande wa kushoto tu. Wengi wao wana upande wanaoupenda, kama sisi tulivyo na mkono wa kulia au wa kushoto, lakini Moss alikuwa tayari kuongeza njia ndefu isiyo na sababu ili asipite kulia. Alikuwa pia na wivu. Akichukuliwa mwenzake akaachwa yeye bandani, alilia mpaka tukarudi, na kama adhabu yetu alitafuna magurudumu ya pikipiki.

Hapa niseme neno la kuwatetea kondoo, ambao katika lugha yetu tumewafanya mfano wa unyonge. Kondoo humsoma mbwa kwa dakika chache kuliko mwajiri anavyomsoma mwombaji wa kazi. Mama mwenye mwanakondoo akimwona mbwa anayesitasita, hugeuka, hupiga kwato chini, na mbwa dhaifu hutazama pembeni kana kwamba amesikia anaitwa. Tangu hapo siku hiyo imekwisha, kwa sababu kundi zima limeona.

Tabia hizi hazikuangukia mbwa kwa bahati. Mwaka 1893, huko Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, mfugaji aitwaye Adam Telfer alimpata dume aliyekuja kujulikana kama Old Hemp, ambaye leo anahesabiwa kuwa baba wa Border Collie wote. Baba yake, Roy, alikuwa mchangamfu na mwepesi wa kuzoeana na watu. Mama yake, Meg, alikuwa mwoga na mwenye jicho kali kupita kiasi. Telfer hakuwa akitafuta rangi wala umbo la masikio. Alikuwa anachanganya hulka mbili, kama mpishi anayepunguza ukali wa ndimu kwa sukari, na akapata mbwa aliyefanya kazi kwa utulivu ambao wachungaji waliozoea mbwa wa kubweka na kurukaruka hawakuwa wameuona. Mashindano ya kuswaga kondoo yaliyofanyika Bala, Wales, mwaka 1873, na chama cha kimataifa cha mbwa wa kondoo kilichoundwa mwaka 1906, vyote vilijengwa juu ya swali hilohilo moja: anafanyaje kazi?

Wanabiolojia Raymond na Lorna Coppinger walieleza vizuri kilichomo ndani ya kazi hiyo. Mnyama mwindaji hufuata hatua kwa mpangilio: anaona, anakazia macho, ananyatia, anafukuza, anakamata, anaua. Katika mbwa wa kuswaga, wafugaji waliongeza nguvu ya hatua za mwanzo na kuzifisha za mwisho, kwa hiyo ananyatia na kufukuza kwa shauku kubwa kabisa, kisha anasimama pale ambapo mbwa mwitu angeanza kula. Mbwa yule wa Goba aliyelala mbele ya watoto alikuwa katikati ya mlolongo huo, na kwake kunyatia ni raha yenyewe. Ndiyo maana hakuna mfupa wala kipande cha nyama kinachoweza kumwondoa katika hali ile.

Wala si kila mbwa wa kondoo ameumbwa hivyo. Huntaway wa New Zealand huswaga kwa kubweka, kwa sauti nene inayosikika bonde zima, na mbwa wa aina hiyo akinyamaza bwana wake huwa na wasiwasi. Kelpie wa Australia, kundi likisongamana kwenye zizi, hupanda na kukimbia juu ya migongo ya kondoo ili awahi upande wa pili. Kangal wa Uturuki, kinyume chao wote, hafukuzi wala hakodoi macho. Hulelewa zizini tangu akiwa mtoto, huwaona kondoo kuwa ni ndugu zake, na hushinda amelala katikati yao kama mvivu mpaka adui atokee. Huko Namibia, shirika la kuhifadhi duma limekuwa likitoa mbwa wa ukoo huo kwa wafugaji tangu mwaka 1994 ili kuzuia duma wasile mifugo, na hivyo duma wenyewe wasipigwe risasi. Ukimpa Kangal kazi ya Border Collie atakushangaa tu, na ukimpa Border Collie kazi ya Kangal atawachosha kondoo wako mpaka wakonde.

Huwa naulizwa kwa nini sisi, wenye mifugo mingi hivi, hatukuwahi kuwa na mbwa wa kuswaga. Jibu langu ni kwamba hatukuwahi kumhitaji. Kondoo wa Wales huachwa mlimani wiki nyingi peke yao, hawana fisi wa kuwaogopa, na siku ya kuwakusanya mchungaji mmoja hana miguu ya kutosha. Kondoo wetu hurudi bomani kila jioni, wana mtoto wa kuwafuata tangu asubuhi, na wanamjua kwa mluzi wake. Kwa Wamasai na kwetu Kongwa, mbwa ana kazi ya usiku, nayo ni kumsikia fisi kabla binadamu hajamsikia. Mbwa tunayemwita koko ameichukua kazi hiyo vizuri, anakula kidogo, anavumilia joto, na anajua kutofautisha mgeni na jirani. Nashangaa jinsi tunavyomdharau.

Dharau hiyo ndiyo inayowaleta wengine mjini. Katika Dar es Salaam ya leo, mtu akimaliza kujenga Madale au Mbezi, baada ya geti hufuata mbwa wa mbegu, na mara nyingi ni German Shepherd, kwa kuwa ndiye tuliyezoea kumwona akiwa na askari wa Kikosi cha Mbwa na Farasi. Wachache hukumbuka kwamba hata jina lake linamtaja mchungaji. Mjerumani Max von Stephanitz alianza kuandikisha ukoo wake mwaka 1899 kutokana na mbwa wa kondoo wa Ujerumani, ambao kazi yao ilikuwa kutembea kutwa nzima kwenye mpaka wa malisho, huku na huko, ili kundi lisiingie shambani kwa mtu. Walikuwa uzio wenye miguu. Sasa mtazame yule aliyefungiwa kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 30, aliyechimba njia kando ya ukuta kwa kwenda na kurudi, ambaye bwana wake analalamika kwamba hatulii. Anakilinda kipande cha malisho kisichokuwa na kondoo. Wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini. Laiti na mbwa wa shamba angekuwa hivyo.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba anayeuza mtoto wa mbwa kwa kutaja rangi, masikio na bei, bila kusema wazazi wake walikuwa wanafanya nini kutwa, anauza nusu ya mnyama, na anayenunua bila kuuliza amejitafutia shida. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, Mwislamu anayejitenga na mate ya mbwa kama dini inavyomtaka, alinikumbusha kwamba mafundisho yao yenyewe yanatoa ruhusa kwa mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa kulinda shamba. "Umeona, mwanangu?" akaniambia. "Hao wote wametajwa kwa kazi zao." Sijapata kusikia hoja yangu ikisemwa kwa ufupi kuliko hivyo.

Wapo watakaonijibu kwamba mbwa mwenye akili nyingi anaweza kufundishwa kuishi popote, nami sipingi kabisa. Huko Marekani, mwanasaikolojia John Pilley alimfundisha mbwa wake Chaser, Border Collie, majina ya vitu 1,022, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Lakini alimfundisha saa 4 hadi 5 kwa siku, kwa miaka mitatu, naye alikuwa mstaafu. Anayetoka Goba saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni ya kwenda Posta, na kurudi saa mbili usiku, atazitoa wapi saa hizo?

Jirani yangu alikubali, baada ya wiki mbili za kusitasita, kumpa yule mbwa ndugu yake anayefuga mbuzi na kondoo kule Chalinze. Nilitahadharisha kwamba mbuzi watamsumbua, kwa kuwa mbuzi hutawanyika na hupenda kumgeukia mbwa ana kwa ana. Siku ya tatu yule ndugu alinipigia simu akinong'ona, kana kwamba anaogopa kuharibu jambo. Mbwa amewakusanya wote, kondoo na mbuzi, kwenye kona ya zizi, amelala mbele yao tangu adhuhuri, hataki maji, hataki chakula, na anamtazama yeye. Nikakumbuka Nell, ambaye asipofokewa alikuwa haondoki kwa kondoo mpaka bwana wake aseme, kwa sauti ya chini, neno la kumwachia.

Nikamweleza kwamba mbwa anangoja kuruhusiwa, na kwamba lugha si hoja, achague neno lolote mradi lisibadilike. Alinyamaza kidogo, kisha nikamsikia upande wa pili wa simu akisema, "Basi." Kwanza kimya, halafu kwato za mbuzi zikitawanyika, halafu sauti ya mbwa akilamba maji.